Tatu Ni Nini, Anselme?

Anselme Troubat alikuwa amefundisha hesabu katika kijiji cha Vaubrune tangu vita vilipokwisha, na muda wote huo hakuna kiumbe aliyewahi kumwuliza tatu ni nini. Siku alipoulizwa, aliyeuliza alikuwa mkewe, tena mezani, kijiko cha supu kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Anselme, tatu ni nini?"

"Tatu gani?"

"Tatu. Namba yenyewe."

Akaweka kijiko chini, akanyanyua vidole. "Hii hapa."

"Hivyo ni vidole."

Akaonyesha bakuli, glasi na chupa ya divai. "Basi hii hapa."

"Hivyo ni vyombo, Anselme. Mimi nakuuliza tatu."

"Supu inapoa, Raymonde."

"Na ipoe! Nimegundua kwamba nimefundisha kitu nisichokijua."

Anselme akacheka. Akamimina divai kwenye supu iliyobaki, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa hadi tone la mwisho, kama babaye alivyokuwa akifanya alipotaka mazungumzo yaishe. Lakini swali lile halikuondoka. Lilibaki pale mezani kama mgeni asiyejua kuaga.

Chanzo cha yote kilikuwa amri ya serikali. Mwaka ule wa sabini na moja, majani yalipoanza kupukutika, walimu wa Ufaransa nzima waliambiwa kwamba hesabu za zamani zimekwisha. Sasa mtoto wa miaka sita ataanza na seti, na namba zitajengwa kutokana na seti. Wasiojua wataitwa mjini kufundishwa kila Alhamisi, siku ambayo watoto hawaendi shule.

Shule ya Vaubrune ilikuwa na vyumba viwili na ukuta mwembamba katikati. Raymonde alifundisha wadogo, Anselme akafundisha wakubwa, na wenyewe waliishi ghorofani, jiko lao likiwa chini nyuma ya madarasa. Raymonde aliitikia wito. Anselme alikataa katakata.

"Samaki hukunjwa angali mbichi," alisema. "Mimi nimeshakauka. Mkinikunja mtanivunja, na pensheni yangu iko karibu."

Alhamisi za kwanza Raymonde alirudi kutoka Limoges amenyong'onyea. Alivua koti, akaketi jikoni bila kuwasha taa.

"Sielewi a wala be," alimwambia mumewe. "Huyo mkufunzi mwenye ndevu, Bwana Kervadec, anasema kuna seti ambayo haina kitu. Haina kitu, lakini yenyewe ni kitu. Nikamwambia, bwana wee, kisicho na kitu ni hakuna. Akasema hapana, si hakuna. Darasa zima likanitazama."

"Achana nao, mke wangu. Mwakani watakuwa wamesahau."

Alimpigapiga bega, na ukweli usemwe, moyoni aliona raha kidogo. Katika ndoa yao Anselme ndiye aliyekuwa mtu wa hesabu. Raymonde alikuwa mtu wa nyimbo na kusoma kwa sauti.

Kisha mambo yakageuka. Jumapili moja Anselme alishuka jikoni akamkuta mkewe amezungukwa na mifuko ya karatasi ya duka la mikate, anaitia mmoja ndani ya mwingine. Nywele zilikuwa zimemtimka.

"Kaa hapa," alimwambia. "Mfuko huu hauna kitu. Tuseme ndio sifuri."

"Sifuri ni mfuko?"

"Tuseme. Huu nao una ule mtupu ndani yake. Ndio moja. Na huu una mfuko mtupu, halafu una mfuko wenye mfuko mtupu. Ndio mbili."

"Na tatu?"

"Tatu imebeba sifuri, na moja, na mbili. Kila namba inazibeba zote zilizotangulia."

"Kama trekta la jirani yetu Peyrot siku ya gulio."

"Cheka tu. Lakini unaona?"

Anselme akavuta ule mfuko mkubwa. Akatoa kilichomo, na kilichomo ndani ya kilichomo, mpaka meza ikajaa karatasi zilizokunjamana. "Raymonde, humu hamna kitu! Nimefungua mpaka mwisho, sikukuta hata punje ya sukari."

"Ndiyo," akasema Raymonde, macho yanang'aa. "Ndio uzuri wake. Zote zimetokana na hamna."

Anselme hakuona uzuri wowote. Alichokiona ni mkewe wa miaka yote ile anatabasamu na mifuko mitupu, tabasamu ambalo hakukumbuka kama yeye aliwahi kulisababisha. Alirudi ghorofani, akasahau alichokuwa ameshukia.

Alhamisi, mke akiwa mjini, Anselme alikuwa na desturi ya kucheza karata mkahawani. Mwenzake alikuwa Basile Peyrot, mfuga ng'ombe, mtu wa shingo nene na ulimi usio na breki.

"Mwalimu, nisaidie," alisema Peyrot siku moja, huku anagawa karata. "Juzi nimemwambia mwanangu anihesabie ng'ombe zizini. Kachukua chaki, kachora duara kubwa ukutani, ng'ombe wote ndani. Kasema, baba, hii ni seti ya ng'ombe. Nikamwambia najua ni ng'ombe, mimi ndiye ninayewalisha. Wangapi? Kanijibu hawajafika huko!"

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Anselme naye alicheka, kwa adabu.

"Na Bi. Raymonde naye?" Peyrot akaendelea. "Kafika wapi na huyo kijana mwenye ndevu?"

"Cheza karata yako, Peyrot."

"Nacheza. Mimi nasema tu, hizi seti ni hatari. Unaweza kukuta seti ya mtu mmoja kijijini, na seti ya wawili Limoges."

Safari hii aliyecheka ni Peyrot peke yake. Anselme alitupa karata mbovu, akapoteza mchezo, akatoka nje akaenda moja kwa moja kituoni kumpokea mkewe. Treni ilikuja, ikashusha mama mmoja na sanduku la kuku, ikaondoka. Raymonde hakuwemo.

Giza lilikuwa linaanza kuingia aliposikia kigari kikikohoa mbele ya shule. Mkewe alikuwa ndani anacheka, na kwenye usukani alikuwa kijana wa sweta lililotoboka kiwiko, ndevu nyekundu hadi kifuani.

"Mzee Troubat!" kijana aliita huku anashuka. "Nimesikia habari zako nyingi. Nina neno nataka…"

Neno lile la heshima lilimchoma Anselme kama mwiba. Hakuna aliyewahi kumwita mzee mbele ya mkewe. "Asante kwa kumleta," alisema. "Usiku mwema." Akamshika Raymonde mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango. Kigari kilisimama pale kwa muda, kisha kikakohoa tena na kuondoka.

"Kwa nini umemfungia mlango?" Raymonde aliuliza.

"Kwa nini umekosa treni?"

"Tulibaki tunabishana."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu moja."

Mume gani angeamini jibu hilo? Lakini Anselme alikuwa anamjua mkewe, na sura yake haikuwa sura ya mtu anayedanganya. Hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa. Kama angekuwa anadanganya, angejua la kufanya.

Kesho yake asubuhi alikuwa na somo la sehemu. Somo jepesi, amelifundisha mpaka angeweza kulifundisha usingizini. Alifungua boksi la vijiti, akachukua vitatu, akaviinua ili darasa lote waone.

"Theluthi," alisema, "ni sehemu moja ya kitu kilichogawanywa kwa tatu. Na tatu…"



Alivitazama vile vijiti. Alijiuliza, hii tatu iko wapi hapa? Katika kijiti cha kwanza haimo. Cha pili haimo. Nikiviangusha, itaanguka navyo? Nikivichoma motoni, itaungua? Upande wa pili wa ukuta alimsikia Raymonde anawaimbisha wadogo, sauti nyepesi, haina wasiwasi. Mkono wake ulibaki juu, umebeba vijiti, kama mtu anayesimamisha basi lisilokuja. Watoto wakaanza kutazamana. Mmoja akacheka, mwingine akamkanyaga.

"Toeni madaftari," Anselme alisema hatimaye, jasho likimtoka na baridi yote ile. "Choreni ramani ya mito ya Ufaransa."

"Lakini mwalimu, hii ni hesabu."

"Choreni mito!"

Wakachora mito mpaka kengele ikalia. Anselme alikaa kitini, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliogopa chumba kile.

Alhamisi iliyofuata, Raymonde anavaa kofia, alimkuta mumewe mlangoni na viatu vya safari.

"Leo nakwenda nawe."

"Wapi?"

"Limoges. Kwani reli ni yako?"

Raymonde alivitazama vile viatu. "Vaa koti zito," akasema. "Ukumbi una baridi."

Ukumbi ulijaa walimu wa vijijini na harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa. Anselme alikaa nyuma kabisa, karibu na jiko la makaa. Alikuwa amekuja kuchunguza mambo mawili, namba na ndevu, na hakujua lipi kati ya hayo linamnyima usingizi zaidi. Kervadec aliingia akisema haraka haraka, akaandika ubaoni mabano yasiyo na kitu ndani. Halafu akaandika mabano mengine, akayaweka yale matupu katikati.

"Na hii, mabibi na mabwana, ndiyo moja."

Anselme alijikuta amenyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Bwana, nina swali. Umechukua seti tupu, ukaitia ndani ya seti nyingine. Halafu unasema, hii ina kitu kimoja ndani, kwa hiyo ni moja. Sasa hicho 'kimoja' umekitoa wapi? Umeiba moja dukani, kisha umekuja kutuuzia sisi!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na walimu wazee wa nyuma wakapiga makofi. Kervadec alikuna ndevu, naye anacheka.

"Swali hilo nalijua. Wiki iliyopita mtu alinibana nalo hapa mpaka treni ikamwacha, ikabidi nimpeleke kwao. Bi. Raymonde, tafadhali, njoo mjibu huyu bwana."

Raymonde akaenda mbele. Alichukua chaki, akageuka, akamtafuta mumewe kwa macho mpaka akamwona.

"Anselme, sahau neno moja. Nitaongea bila kutaja namba. Sikiliza. Nasema hivi: kila utakachokikuta ndani ya mfuko huu ni mfuko mtupu, si kingine. Na mfuko mtupu umo. Nimetaja namba?"

Anselme akafikiri. "Hujataja."

"Basi."

"Ngoja. Na ikiwa humo mna mifuko mitupu mingi?"

"Mtupu na mtupu utautofautishaje? Karatasi hizi zinatudanganya kwa sababu ni karatasi. Seti haina rangi wala haina kona. Inajulikana kwa kilichomo tu. Hamna kitu hapa, na hamna kitu pale, ni hamna kitu ile ile."

"Kwa hiyo seti tupu iko m…"

"Usiseme!" sauti ilipazwa kutoka mstari wa mbele, na ukumbi ukacheka tena.

Anselme akafunga mdomo. Alihisi kama mtu aliyekamata sungura kwa masikio, halafu akajikuta ameshika masikio matupu. Kwa kitambo kidogo alikuwa ameelewa, hakika alikuwa ameelewa. Alipotaka kujiambia alichoelewa, hakikuwepo.

Lakini jambo jingine aliliona vizuri. Raymonde alikuwa ameendelea, anajibu swali la mwalimu mwingine, na la mwingine, na watu walikuwa wanaandika maneno yake. Naye Kervadec hakuwa anamtazama Raymonde hata kidogo. Alikuwa anatazama ubao, mdomo nusu wazi, kama Peyrot anavyotazama fahali mnadani. Hofu ya ndevu ikamtoka Anselme. Ikaingia nyingine isiyo na ndevu, na hiyo hakujua aikamatie wapi.

Alilijua jina la hofu hiyo walipokuwa kwenye treni ya kurudi.

"Wananitaka Limoges," alisema Raymonde, macho dirishani. "Kuanzia Januari. Niwafundishe walimu."

"Umejua lini?"

"Wiki iliyopita. Kervadec alitaka kuzungumza na wewe kwanza, kwa heshima. Ukamfungia mlango."

Treni ikashuka bondeni.

"Na wewe unataka?"

"Sijui. Nataka. Naogopa, Anselme. Nataka."

"Na mimi?"

"Wewe utastaafu, utakuja. Si mbali."

"Na supu?"

Raymonde alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Supu utajifunza."

Anselme alijichunguza moyoni. Alikuta fahari humo, akakuta na jeraha, na kila alipojaribu kukitoa kimoja, kingine kilikuja nacho. "Nenda," alisema. Kabla ya daraja, akasema, "Usiende." Treni ilipoanza kupunguza mwendo akasema, "Nenda, nenda."

"Baba, amua basi," akasema bibi mmoja aliyekaa mbele yao na kapu la mayai. "Dada wa watu anateseka."

Raymonde akaenda. Alipanga chumba karibu na kituo kikuu, na Vaubrune ikaletewa msichana aliyetoka chuoni moja kwa moja, Bi. Josiane, ambaye hakuimba. Anselme alijifunza supu kwa shida, chumvi ikizidi leo, kesho ikikosekana. Alijifunza pia kuoka mkate wa viazi na malai, na huo aliuweza. Kila Alhamisi aliufunga kwa kitambaa, akapanda treni, akaenda kukaa mstari wa nyuma katika ukumbi ambao sasa mkewe ndiye aliyekuwa ubaoni.

"Mwalimu!" Peyrot alimpigia kelele kutoka mlango wa mkahawa. "Nasikia umekuwa mwanafunzi wa mkeo!"

"Ndiyo, na nafeli," Anselme alijibu, akaendelea na safari.

Alikuwa hatanii. Alidhani ameizoea ile mifuko, lakini Raymonde alikuwa ameshaipita, amefika kwenye kujumlisha. Kujumlisha nako kulikuwa kunajengwa upya, hatua kwa hatua, kila namba ikimwita iliyo nyuma yake, na ile ikiita ya nyuma zaidi, mpaka sifuri. Alhamisi moja ya mwezi wa tatu Raymonde alithibitisha kwamba mbili na mbili ni nne. Ubao mzima ulijaa. Anselme aliketi ukingoni mwa kiti, mikono imekaza, na nne ilipotokea kwenye kona ya chini, akashusha pumzi kwa nguvu hata jirani yake akageuka. Kwa muda mfupi alikuwa amehofia haitafika.

Mkewe alimsindikiza kituoni, mkono kwenye mkono.

"Umeelewa leo?"

"Sijaelewa."

"Hata kidogo?"

"Kidogo kipo. Na hicho kidogo ndicho kinachonichanganya. Mwanzoni, nilipokuwa sielewi kabisa, nilikuwa na amani."

Raymonde akambusu shavuni, akamwachia chaki kwenye kola, akakimbilia mkutano wake. Anselme alipanda treni iliyokuwa mbele yake, akaketi, akafumba macho. Mbili. Na mbili. Mbili ni seti yenye sifuri na moja. Inayofuata ni ile yenye… Aliamshwa na kondakta.

"Bwana, tiketi hii ni ya Vaubrune."

"Ndiyo."

"Sisi tunakwenda Périgueux. Vaubrune ni upande ule." Akaonyesha nyuma kwa kidole gumba.

Wakamshusha kwenye kituo kidogo kati ya misitu, benchi moja na saa isiyotembea. Mkuu wa kituo alikuwa anamwagilia maua. Alimwambia treni ya kurudi itapita baadaye, hakusema lini, akamwonyesha simu. Anselme akapiga simu kwenye nyumba aliyopanga mkewe, akasubiri sana, mpaka akamsikia anahema, ndiyo kwanza atoke mkutanoni na kupanda ngazi.

"Anselme? Umefika?"

"Nimefika. Ila sijui wapi. Nilipanda treni isiyo yangu."

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Mbili na mbili."

Upande wa pili kicheko kikaanza, kidogo kidogo, mpaka Raymonde hakuweza kusema. Anselme naye akashikwa. Mkuu wa kituo akageuka na kopo lake la maji kuwatazama, yeye na simu yake.

"Ni nne, Anselme," Raymonde alisema alipopata pumzi.

"Najua ni nne! Nilijua kabla hujanithibitishia. Sasa ndio sina hakika nilikuwa najua nini."

"Nije nikuchukue?"

"Hapana, una kazi." Akasikiliza sauti ya waya. "Njoo."

Akaenda kuketi nje. Upepo ulikuwa bado wa baridi, lakini juani palivumilika. Hakujua kama ana huzuni au ana furaha, na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, hakujisumbua kutafuta jibu. Treni kutoka Limoges ilipokuja, mtu mmoja tu ndiye aliyeshuka, amevaa kofia upande, mikono ya koti imejaa chaki. Anselme akasogea pembeni kumpa nafasi, ingawa benchi zima lilikuwa wazi.